Kompyuta Niliyoivundika

Majina yenyewe sitayaandika humu. Yana kitabu chake, na yamenisumbua vya kutosha. Humu naandika habari ya kompyuta tu, kwa penseli, kwenye daftari la shule lililobaki kurasa nyeupe. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu. Atakayeshindwa kuusoma aje aniulize ningali hai.

Kanisa letu la hapa mtaani, huku Mabira, lilikuwa na daftari la wabatizwa wa mwanzo. Mchwa walilila. Lilipotolewa kabatini lilikuwa jalada la mbele na jalada la nyuma, katikati udongo. Wazee wa kanisa wakakaa, wakaulizana nani anakumbuka, kisha wote wakanitazama mimi. Ni kweli nakumbuka, na sijui kwa nini. Sikumbuki nilipoweka miwani yangu asubuhi, lakini watu waliosimama mstari siku tuliyobatizwa nawaona mmoja mmoja: jina la nyumbani, jina la ubatizo, jina la baba yake, na mlango wake ulikotazama.

Mjukuu wangu wa kike ni mwalimu wa sekondari kule Nyakakika. Alikuja likizo na kompyuta yake ya kupakata, akasema, "Bibi, wewe taja, mimi naandika. Siku mbili tumemaliza, wazee wakachapishe." Nilifurahi. Mashine ya kuandika majina ya marehemu wetu imeingia nyumbani kwangu! Nikaipokea kama apokewavyo mgeni. Sebule yangu ina saruji, lakini mimi bado natandika nyasi juu yake, kama mama yangu alivyotandika, kwa sababu nyumba isiyo na nyasi huiona kama haijavaa. Nikaleta nyasi mpya. Nikaweka kigoda. Juu ya kigoda nikaweka mto wangu wa sufi, ule ninaompa askofu akipita, na juu ya mto nikatandaza kitambaa changu cha kufuma chenye maua.

"Bibi, hii haihitaji mto," mjukuu akacheka.

"Mgeni hakalishwi pakavu," nikamwambia. "Wewe kaa hata chini. Yeye atakaa hapo."

Tukaanza.

Mimi siwezi kuanza katikati. Majina yangu yamefungwa kamba moja. Nishike mwanzo, kwa yule mzee aliyetoa kiwanja cha kanisa, halafu waliofyatua matofali, halafu walimu, halafu mstari wetu wa ubatizo kutoka kisimani kupanda juu, nyumba kwa nyumba. Ukinikatisha ukaniuliza "nani alikuwa wa saba?" napotea. Mjukuu aliandika, akiuliza huyu mwana wa nani, huyu alikufa ameacha nani. Kazi ikaenda vizuri, kompyuta ikinguruma kidogo, hadi nikamfikia mke wa mdogo wake mume wangu.

Huyu nimweleze, maana bila yeye habari hii haipo. Tuliolewa mwaka mmoja kwa ndugu wawili, nyumba zetu zikatazamana. Alifariki zamani sana, akaacha binti anayetambaa. Binti huyo nilimlea mimi, na sasa naye ni mwanamke mwenye wajukuu, anakaa hapo juu kwenye kilima. Tangu aliposikia habari ya kitabu, kila asubuhi akienda shambani hupita mlangoni.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama yangu atakuwamo?"

"Atakuwamo. Angekosaje?"

Basi siku ile nikalitaja jina la mama yake. Mjukuu akanyosha vidole aandike. Kompyuta ikafanya *fyuu*, kioo kikawa cheusi.

Mjukuu akabonyeza hapa, akabonyeza pale. "Umeme umekatika?" Nikatazama juu. Taa ilikuwa inawaka. Akachomoa waya akarudisha. Akageuza. Akangoja. Baadaye ikawaka, lakini majina yote hayamo, kwa kuwa alikuwa hajayahifadhi.

"Haijawahi kunifanyia hivi," akasema. "Shuleni naiwasha asubuhi mpaka jioni."

Siku ya pili tulianza tena kwa mzee wa kiwanja. Sasa alikuwa anahifadhi kila baada ya majina machache. Alibadilisha na tundu la umeme, akavuta waya kutoka chumbani. Tukaenda, tukaenda, tukamfikia mwenzangu yule. *Fyuu*.

Nilikaa nikitazama kile kioo cheusi nikaona uso wangu ndani yake, umekunjamana.

"Itakuwa betri," mjukuu akasema. Kisha akasema, "Au virusi."

Siku ya tatu majina ya mwanzo yalikuwa yamehifadhiwa, akaniambia, "Bibi, anzia tulipoishia." Nikajaribu. Sikuweza. Ikabidi niyataje yote tena ili nifike, naye akawa anayafuata kwa macho na kuongeza ukoo wa kila mtu. Safari hii nilipunguza mwendo nilipomkaribia mwenzangu. Nikataja jirani wa chini yake. Nikafungua mdomo, na jina lake halijatoka lote, mashine ikazima.

Sasa nikiandika najiuliza kama kweli ilikuwa jina lile lile mara zote tatu. Huenda ile ya pili ilizima jina moja kabla. Lakini moyo wenye kesi hauhesabu vizuri.

Mjukuu aliinyanyua kompyuta kutoka kwenye mto, akaiweka upesi. "Mawe! Mama wee, inaunguza!"

Nikagusa tumbo la mashine. Lilikuwa kama paji la mtoto mwenye malaria. "Ina homa," nikasema.

"Ikipata joto sana inajizima yenyewe isiungue. Lakini kwa nini hapa tu? Shuleni kuna joto kuliko hapa. Kwa nini kwako?"

Kwa nini kwako. Hakujua amesema nini. Mimi nilikwenda jikoni nikajifanya natazama maharage.

Ukweli ni huu. Mwenzangu yule hakubatizwa. Alikuwa kwenye darasa letu la ubatizo, alisoma kuliko sisi wote. Mwinjilisti alikuwa akimpa kitabu atusomee, mimi nikiwa bado nafuata herufi kwa kidole, naye anasoma kama mtu anayemwaga maji. Siku moja, zikiwa zimebaki wiki chache, mwinjilisti akatuuliza nani katika darasa bado anakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wote tulikuwa tumekunywa. Kulikuwa na posa ukooni, ndizi zilivundikwa, zikakamuliwa, kibuyu kikazunguka, na mimi nilikunywa kabla yake, yeye akapokea mkononi mwangu. Nikanyosha mkono nikamtaja yeye peke yake. Akaambiwa asubiri darasa lijalo. Hakunijibu kitu, alinitazama tu. Kabla ya darasa lijalo alishikwa na homa akafa. Tukamzika migombani bila kengele, na mwinjilisti hakuja.

Sijawahi kumwambia mtu. Nilichofanya ni kumtia kwenye kamba yangu. Kila nilipotaja mstari wetu wa ubatizo, kwa miaka yote hiyo, nilimsimamisha mahali ambapo angesimama, kati ya majirani zake wawili, mpaka nikazoea kumwona pale na gauni jeupe. Na sasa nilikuwa namwingiza kitabuni, binti yake asikie, hesabu iishe. Ndipo mashine ikakataa mara tatu.

Sikuwa na hakika mashine inaweza kujua. Mimi ni Mkristo, siendi kwa waganga. Lakini nilishindwa kulala nikiuliza: ni mashine inakataa uongo, au ni mwenyewe hataki kuandikwa na mkono wangu?

Asubuhi mjukuu akasema tuipeleke kwa fundi, huko Isingiro. Nikasema nami nakwenda. "Bibi, mgongo wako na bodaboda?" Nikasema mgongo ni wangu. Nilitaka nione kwa macho. Nikaifunga kompyuta ndani ya ule mto wa sufi, nikazungushia kanga, nikaipakata njia nzima kama kichanga, dereva akiniambia kila penye shimo, "Shika vizuri, bibi, usimdondoshe mtoto."

Fundi ni mtu mzima mwenye mvi, alianza kwa kutengeneza redio za mkulima. Alitusalimia vizuri, nami nikampa kahawa za kutafuna nilizokuja nazo kwenye kikoba. Akaiweka kompyuta mezani pake, meza ya mbao tupu iliyojaa misumari, akaiwasha.

"Inazima baada ya muda gani?"

Mjukuu akasema, "Kama nusu saa hivi. Bibi akiwa anataja majina."

"Basi ataje."

Nikaanza kwa mzee wa kiwanja. Fundi alitafuna kahawa, akaitikia "ee waitu" kila baada ya jina kama mtu anayesikiliza hadithi. Nikapita wafyatua matofali. Nikapita walimu. Nikaingia mstari wetu. Nilipomkaribia, nikashika ukingo wa meza. Nikalitaja jina.

Kompyuta ikaendelea kunguruma. Mjukuu akaandika. Nikaona herufi zake zinatokea kwenye kioo, moja moja.

"Endelea, bibi," fundi akasema. Nikaendelea hadi mwisho. Haikuzima. Ikapita nusu saa nyingine, haikuzima.

Fundi akacheka. "Mgonjwa wako amemwona daktari, amepona! Ndivyo walivyo."

Mjukuu aliona haya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi na sikujua nifurahi au niogope. Je, mwenzangu amekubali? Mbona akubali hapa, dukani kwa mtu, na nyumbani kwangu akatae?

"Nyumbani mnaiweka wapi?" fundi akauliza.

"Kwenye kigoda," mjukuu akasema.

"Kigoda kitupu?"

Nikafungua kanga nikamwonyesha mto, na kitambaa cha maua kilichokuwa kimekunjwa ndani. Fundi aliupokea, akaubonyeza, akautazama muda mrefu. Kisha akauweka mezani, akatandaza kitambaa, akaiweka kompyuta juu, ikazama kidogo kama kuku anayelalia. "Sasa tunywe chai," akasema.

Tukanywa. Akatuhadithia ugonjwa wa mnyauko ulivyoingia shambani kwake, jinsi alivyong'oa mashina na kuyafukia, na mkewe alivyolia kama msibani. Alikuwa katikati ya maneno, mkono mmoja hewani akionyesha mgomba unavyoinama, ndipo tuliposikia *fyuu*.

Hakuna mtu aliyekuwa ametajwa. Ilikuwa migomba tu.

"Bibi," fundi akasema, "wewe unajua kuvundika ndizi?"

"Nimezaliwa wapi mimi? Najua."

"Unafanyaje?"

"Unachimba shimo, unatia majani, unazipanga ndizi, unafunika zisipate hewa. Zenyewe zinapata joto, zinaiva."

"Basi hii umeivundika." Akaigeuza. Chini ilikuwa na vitundu vingi vidogo vyembamba. "Hapa ndipo inapovuta pumzi. Wewe umeiziba kwa sufi na maua. Ingekaa wiki ungeikamua rubisi."

Mjukuu alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilitabasamu kwa mdomo. Neno lile la rubisi lilinipita kama mwiba, naye fundi hakujua alichokanyaga.

Akafungua parafujo. Ndani kulikuwa na pangaboi dogo kama sarafu, limevikwa vumbi, nyuzi za kitambaa, na vipande vya nyasi zangu, vimeshikana kama blanketi. "Mlikuwa mnafuga ndege humu?" Akavitoa kwa brashi, akapuliza kwa mashine yake ya upepo. Akatuonyesha mahali ambapo moyo wa kompyuta umelalia bamba la chuma, na kati yao kuna dawa ya kupitisha joto. Ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Akaifuta, akapaka nyingine nyeupe. Akafunga.

"Ukifika nyumbani, bibi, tafuta magunzi manne. Moja kila pembe. Iinuke, hewa ipite chini. Mto mrudishie askofu."

Njiani kurudi sikusema. Mjukuu alifikiri mgongo unaniuma. Nilikuwa nafikiri hivi: kama si yeye aliyekuwa anakataa, basi vile vile si yeye aliyekubali. Siku tatu nzima nilidhani ananisemesha, nikaogopa, lakini ndani ya hofu kulikuwa na kitu kama furaha, kwamba hatimaye ananijibu. Sasa ni vumbi. Na jina lake limo kwenye mashine, mahali pasipo pake, na hakuna kitu duniani cha kulizuia.

Nyumbani nikatafuta magunzi manne. Nikaondoa mto. Nikafagia nyasi zote kuzunguka kigoda, pakabaki saruji. Mjukuu akawasha, akasema, "Sasa turudie mara moja, tuhakikishe, tuwapelekee wazee."

Nikamwambia, "Lifute lile jina."

"Lipi?"

Nikamwambia lipi. Kisha nikamwambia yote, nimesimama, mikono imeshika kanga. Kibuyu, mwinjilisti, mkono nilionyosha, kuzikwa bila kengele. Hakunikatisha. Nilipomaliza alitazama kioo, si mimi.

"Bibi, nani anajua? Mchwa wamekula ushahidi. Mwache tu humo. Binti yake afurahi."

"Mashine ilizima mara tatu."

"Ilizima kwa sababu ya mto!"

"Najua ni mto. Mto aliuweka nani?"

Akashusha pumzi. "Kwa hiyo tumfute kabisa? Ndiyo utakuwa umemtoa mara mbili."

Hapo ndipo nilipokwama. Alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimesema kweli, na kweli mbili hazikukaa pamoja. Pangaboi la kompyuta lilisikika, jepesi, kama mtu anayepumua vizuri baada ya mafua. Nilijikuta naisubiri izime. Kama ingezima ningejua la kufanya. Haikuzima.

Mwishowe tukamtoa kwenye mstari, tukampa mahali pake peke yake, chini. Nilisema mimi, akaandika mjukuu: kwamba fulani alisoma darasa la ubatizo pamoja nasi na alisoma kuliko wote, kwamba alizuiwa kwa kosa ambalo wote tulilifanya, kwamba aliyemtaja ni mimi, nikasema na jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo. Mjukuu aliuliza mara mbili kama aliandike la ubatizo. Nikasema hasa hilo.

Kisha nikarudia kamba tangu mwanzo, tuhakikishe. Nilipofika kwenye jirani wa chini yake, nikasita. Aliyefuata simjui. Mtu ambaye nimemtaja tangu ujana wangu nilikuwa simpati, kwa sababu kila siku nilifika kwake kupitia kwa mwenzangu. Mjukuu akangoja. Ikabidi anisomee yeye.

Tulikuwa hapo bado, jua limeanza kuinama, binti yake akaingia anatoka shambani, ndoo ya maharage kichwani.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mbona nyasi mmeziondoa? Kuna msiba?"

"Marahaba. Ni mashine haizitaki."

Akatua ndoo. Akakaa mlangoni. "Mama yumo?"

"Yumo," nikasema. Nikamgeukia mjukuu. "Msomee."

Mjukuu akanitazama kama anayeomba nighairi. Nikatikisa kichwa. Akasoma, polepole, sauti ya mwalimu ikampotea katikati. Binti wa mwenzangu alisikiliza huku anaokota punje za maharage zilizomwagika kwenye saruji, moja moja, anazirudisha kwenye ndoo. Lilipofika jina langu mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea.

Halafu akasema, "Rudia pale alipokuwa anasoma kuliko wote."

Mjukuu akarudia.

"Sikujua kama alijua kusoma," akasema. Akajitwika ndoo mwenyewe, sikupewa nafasi ya kumsaidia, akatoka. Hakuaga.

Kompyuta iliwaka mpaka mjukuu alipoizima kwa mkono wake. Magunzi yale hajayachukua. Ameniachia, yako juu ya kabati karibu na mto.

Kesho yake nilikuwa mlangoni mapema kuliko siku zote. Nikamwona anateremka na jembe. Nikawaza atapita njia ya juu, ile ya kwa mwenyekiti, ambayo haifiki kwangu. Akaja hii. Akasimama pale pale anaposimama, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

Hakuuliza kitu. Akaenda zake shambani. Na hadi leo hupita, na hadi leo huniamkia, nami sijui kama ni kunisamehe au ni mazoea tu ya mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuamkia wakubwa.